Jina Kwenye Mstari wa Mtumaji

Barua zilikataa kutoka.

Tangu asubuhi zilikuwa zimejipanga ndani ya mashine kama kina mama wanaongoja mtumbwi, kila moja imebeba maneno yake, wala hakuna iliyovuka. Mwanvua akibonyeza "Tuma", kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha unatokea mstari mwekundu: Ujumbe haukutumwa. Akibonyeza tena, mwekundu tena.

"Bonyeza kwa nguvu," akasema mama Léocadie nyuma yake.

"Ma Léo, huu si mlango wa zizi la mbuzi."

"Wa mbuzi ungekuwa umekwisha kufunguka."

Mama Léocadie alitoka Kabambare kwa pikipiki, akalala njiani, akaingia Kasongo na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Alilima mpunga katika bonde la Kamimbi, na wenzake walimtuma kwa kazi moja tu: aone kwa macho yake maneno yao yakiondoka. Hawakutaka kuambiwa. Walikwisha kuambiwa mengi.

Bonde hilo lilitakiwa na watu wa mashine za dhahabu, wale waliokwisha kuvuruga vijito vya upande wa Salamabila na sasa wanatafuta maji mengine ya kuchafua. Kule Kindu iliwekwa tume ya kusikiliza pande zote, na tume ilitangaza redioni: anayepinga aandike kwa barua pepe, kupitia anwani ya kikundi iliyoandikishwa, kabla biro, yaani ofisi yake, haijafungwa leo. Asiyeandika, amekubali. Ndivyo redio ilivyosema, halafu ikapiga muziki.

Kazi ya Mwanvua ilikuwa kuandika. Shule aliiacha alipomaliza la sita, lakini kikundi cha kina mama kilimchukua kwa sababu alijua kunyamaza mtu akisema. Wanawake wa Kamimbi walipiga simu mmoja mmoja. Walieleza, walilia, walitukana, walirudia walipotoka, na yeye aliandika vilevile, matusi pamoja. Mmoja wao alikuwa Asma, mama yake mzazi. Maneno ya Asma hayakuwa marefu: "Shamba hili nililipata kwa mama yangu, nami nitampa Mwanvua. Mukinitoa hapa niende wapi, kwenye shimo?"

Maneno yote yalikaa katika programu ya Zéphirin, mtoto wa wakulima wa nje ya mji aliyesomea kompyuta Bukavu akarudi kwao. Aliiandika kwa Java, lugha mojawapo ya kompyuta, hapo mwanzo kwa ajili ya kuhesabu magunia ya mpunga. Siku hizi ilipokea malalamiko na kuyatuma yanakotakiwa. Seva yake ilikuwa hiyohiyo kompyuta ndogo iliyokuwa juu ya meza. Na meza ilikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba ya Kamaldine, baba mudogo wa Mwanvua, mwuza vitambaa na chumvi, ambaye kina mama walimfanya rais wa heshima wa kikundi siku kilipozaliwa. Pano za jua, zile za umeme, zilizokuwa juu ya bati zilikuwa zake. Antena ilikuwa yake. Hata kiti ambacho mama Léocadie alikataa kukikalia kilikuwa chake.

Zéphirin alipoitwa alikuja mbio, akavua viatu mlangoni, akakaa.

"Programu yangu haina ugonjwa," akasema kabla hata ya kuitazama. "Ugonjwa uko nje, kwa dunia."

"Basi tibu dunia," akajibu mama Léocadie, "lakini haraka, biro inafungwa."

Alianza mbali, kama fundi wa pikipiki anayegonga gurudumu kabla ya kufungua injini. Alifungua kurasa za mtandao, zikafunguka. Kwa hiyo antena ilikuwa nzima. Kisha akaulizia mlango. Barua za kompyuta, alieleza, zinapita katika milango yenye namba, na ule wa zamani, wa ishirini na tano, umefungwa karibu kila mahali kwa sababu ya matapeli; yeye alikwisha kuhamia ule wa mia tano themanini na saba. Aliugonga. Ukaitika.

"Basi ni neno la siri," akasema.

Akafungua faili ya mipangilio, mahali programu inaposoma itume barua kupitia seva gani, kwa mlango gani, kwa akaunti gani. Akaandika upya neno la siri la akaunti ya kikundi, polepole, akilitamka kwa midomo bila sauti. Mwanvua akabonyeza "Tuma". Mwekundu.

"Bado sijaiamsha upya," Zéphirin akasema, akajipiga paji la uso. "Eh, nimezeeka. Programu hii inasoma mipangilio yake mara moja tu, ikiamka. Ukibadilisha imekwisha kuamka hivi, haioni kitu."

Akaizima, akaiwasha. Ilichukua muda wake, mistari ikipanda kwenye kioo kama siafu ukutani. Ilipotulia, Mwanvua akabonyeza.

Mwekundu.

Mama Léocadie akacheka kicheko kisicho na furaha. "Hata Kindu hatujafika, wamekwisha kutukataa."

Zéphirin alifungua kumbukumbu za programu, ule ukurasa mrefu ambao mashine huandikia mambo yake yote, akaanza kuushuka. Mwanvua hakutazama kioo. Kile kilikuwa Kiingereza, na Kiingereza hakikuwa chake. Alimtazama Zéphirin. Akamwona macho yanapita mstari mmoja, yanasimama, yanarudi. Akamwona mkono unapanda shingoni.

"Umeiona," akasema Mwanvua.

"Nimeona nini?"

"Sijui. Lakini umeiona, na huitaki."

Zéphirin akageuka akatazama mlango wa ndani, ule wenye pazia, upande wa duka. Akapunguza sauti.

"Da Mwanvua, unajua bariera ya askari kwenye njia ya Kabambare? Unafika na mzigo, wanakuomba karte ya utambulisho. Unatoa karte yako, imeandikwa Mwanvua. Wanatazama mzigo, umeandikwa Kamaldine ndiye anayeutuma. Watafanya nini?"

"Watanirudisha."

"Ndiyo hivyo. Tunaingia kwa akaunti ya kikundi, neno la siri ni sawa, mlango uko sawa. Lakini kwenye mstari wa mtumaji kuna anwani ya Muzee. Seva ya barua inasema: huyu anayetuma siye mwenye akaunti. Inakataa."

"Na anwani ya baba mudogo imefikaje hapo?"

Zéphirin akatazama vidole vyake vya miguu.

"Mimi niliiweka. Juzi alinikuta hapa naongeza ukurasa wa picha. Akaniambia, barua za wanawake zinatoka nyumbani mwangu bila jina langu, watu watasema nini? Nikaona ni neno la heshima tu. Mutu mukubwa anakuomba kitu kidogo, utakataa? Nikaandika, nikaiamsha programu, nikaaga, nikaenda. Hata sikujaribu kutuma moja. Sikufikiri heshima inaweza kuvunja programu."

"Inavunja vingi," akasema mama Léocadie.

Hapo pazia likasogea. Kamaldine aliingia na kofia yake nyeupe na mita ya kupimia vitambaa imening'inia shingoni. Hakuwa mtu wa kelele. Mjini walimpenda, alikopesha chumvi wakati wa msiba na hakuidai.

"Iko nini? Mumejazana hapa kama kuna kilio."

"Barua zimekataa kutoka, baba," akasema Mwanvua.

Zéphirin akasimama, akamweleza, kwa kuzunguka, kwa "samahani Muzee" nyingi, habari za mstari wa mtumaji. Kamaldine alisikiliza akivuta mita yake huku na huku.

"Jina langu linakataliwa? Na nani?"

"Na mashine, Muzee. Haikujui."

"Kindu nzima wananijua!"

"Kindu, ndiyo. Mashine haijafika Kindu."

Mama Léocadie akafunika mdomo. Kamaldine mwenyewe alikaribia kucheka, kisha akakumbuka ukubwa wake.

"Fundi ni wewe. Tafuta njia."

"Njia iko," Zéphirin akasema, uso ukafunguka kama mtu aliyetua mzigo. "Anwani tunarudisha ya kikundi. Lakini mbele ya anwani kuna nafasi ya jina, hiyo mashine haiichunguzi. Hapo naandika Muzee Kamaldine. Atakayefungua Kindu ataona jina lako kwanza. Bariera tunapita, na heshima inabaki."

"Munaona mutoto aliyesoma? Andika hivyo."

Zéphirin akakaa, vidole vikaenda kwenye herufi.

"Hapana," akasema Mwanvua.

Hakulipaza. Lilikuwa neno la kawaida, kama la mtu anayeulizwa kama aongezewe mboga. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kinywani mwake, na mita ikasimama mikononi mwa Kamaldine.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana, baba. Jina lako lisiwe mbele. Wala nyuma."

"Mwanvua, mutoto wangu." Akavuta kiti, akakaa, kwa sababu maneno ya namna hiyo hayasemwi wima. "Kwetu mwanamke anasema barazani kwa kinywa cha mzee wake. Tangu babu zetu. Si kumudharau. Ni kumufunika, jua lisimupige."

"Ulitufunika hivyohivyo walipotaka shamba la juu la Kamimbi."

Kamaldine akaiachia mita ikaning'inia.

"Ulibeba maneno yetu mpaka Kindu," Mwanvua akaendelea. "Tulikuambia, waambie hatutoki. Ukarudi na kitenge kwa kila mama, ukasema wameahidi. Shamba la juu leo ni shimo, baba. Watoto wa Kamimbi wanaokota ndani yake vyura. Vitenge ndivyo vilivyobaki."

"Mimi changu nimefungia mzigo kwenye pikipiki," akasema mama Léocadie. "Ni kigumu, siwezi kusema uongo."

"Nilipata nilichoweza!" Sauti ya Kamaldine ilipanda, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na kitu kingine ndani yake zaidi ya ukubwa. "Munajua kule kukoje? Unakalishwa peke yako, wao wamejaa meza nzima, wanakuuliza, wanakucheka kwa Kifaransa. Unafikiri ni rahisi?"

"Sifikiri ni rahisi. Lakini wewe ulipochoka ulikuwa na mahali pa kurudi. Ulirudi hapa, kwenye duka lako. Sisi hatuna pengine. Ndiyo sababu sisi hatutachoka." Akashusha pumzi. "Jina lako likiwa mbele, watakuita wewe. Utaenda wewe. Na mimi sitaki uende."

Kamaldine alimtazama Zéphirin. Zéphirin alitazama herufi zake. Mzee akamtazama mama Léocadie, naye mama akamrudishia macho bila kupepesa. Basi Kamaldine akasimama, akaenda kwenye pembe ya chumba, mahali pa kisanduku cha umeme wa jua, akabonyeza kitufe. Feni ikapunguza mwendo. Taa ndogo ya antena, ile ya kijani, ikazimika.

"Nyumba ni yangu," akasema. "Pano ni zangu. Andika sasa jina unalotaka, tuone litapita wapi."

Mwanvua aliketi kidogo. Wanaomjua walidhani anafikiri. Alikuwa anaisikiliza kompyuta. Bado ilikuwa inavuma. Ilikuwa na betri yake.

Akachomoa waya wa ukutani. Akaiinua kompyuta ikiwa wazi vilevile, kwa mikono miwili, kama sinia ya wali wa wageni, akapita nayo mbele ya baba yake mudogo, akikunja goti kidogo kwa sababu adabu haikuwa imekufa, akatokea barazani. Hakusimama barazani. Akashuka ngazi mpaka katikati ya barabara.

"Unaenda wapi?" Kamaldine akauliza mlangoni.

"Baraza ni yako, baba. Barabara iko ya watu wote."

Mwuza karanga wa upande wa pili akatoa kigoda chake bila kuombwa. Mama Léocadie akapindua beseni, likawa meza. Pikipiki zikaanza kuwazunguka, moja kushoto, moja kulia, na dereva mmoja akapunguza mwendo.

"Eh mama, munauza nini katikati ya njia?"

"Masikio!" mama Léocadie akamrudishia. "Unayo ya kutosha au tukuongezee?"

Zéphirin alikuwa bado kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, viatu mkononi. Alikuwa na mteja mmoja mkubwa Kasongo nzima, na mteja huyo alikuwa amesimama karibu naye akinukia udi.

"Kaka Zéphirin," Mwanvua akamwita, bila hasira. "Kosa uliliweka kwa heshima. Liondoe kwa heshima vilevile. Koneksio tu ya mtandao ndiyo natafuta."

Zéphirin akavaa viatu. Akasema, "Muzee, unisamehe," akashuka ngazi. Akatoa simu yake, akaigeuza iwe mlango wa mtandao, akaiinua juu ya kichwa akatafuta mahali. Karibu na mti wa nguzo ya zamani ya simu akapata alama mbili.

"Si nyingi, lakini maneno si mazito."

Akapiga magoti kando ya beseni, akafungua faili ya mipangilio, akageuza kioo kielekee kwa Mwanvua.

"Mstari huu. Sitauandika mimi. Mara hii tusikosee tena nani anatuma."

Mwanvua akafuta anwani ya Kamaldine herufi moja moja, toka mwisho kwenda mwanzo. Akaandika ya kikundi, ile iliyoandikishwa Kindu.

"Na nafasi ya jina?" Zéphirin akauliza.

"Andika yetu yote," akasema mama Léocadie.

"Hayatatosha, ma Léo. Kila mama jina lake liko chini ya maneno yake."

"Basi andika Wenye Kamimbi. Wao wanasema wanatafuta mwenye bonde. Wamupate."

Akaandika hivyo. Programu ikazimwa, ikawashwa. Siafu wakapanda ukutani tena, polepole zaidi kuliko mwanzo, na juani kioo kilikuwa hakisomeki. Mama Léocadie akavua kitambaa cha kichwa, akakishika juu yao kama paa. Watu walikuwa wamezunguka sasa. Hakuna aliyeuliza.

"Kwanza tujaribu moja, kwangu," akasema Zéphirin. Mwanvua akabonyeza. Kiduara kikazunguka.

Simu ya Zéphirin ikalia.

Akaigeuza awaonyeshe. Juu kabisa, kwa herufi nyeusi: Wenye Kamimbi. Mama Léocadie akapiga kigelegele, mwuza karanga akakidaka, na dereva aliyekuwa akipita akapiga honi bila kujua kwa nini.

"Bado," Mwanvua akasema. "Hiyo imefika hapa. Hapa tunajuana."

Akabonyeza zile za Kindu. Ya kwanza ikageuka kijani. Ya pili. Mama Léocadie alitaka kusomewa jina la kila iliyoondoka, naye akilirudia kwa sauti, kama anayehesabu watu wanaopanda mtumbwi, ili akifika kwao aweze kuapa kwamba ameona. Kwa kila jina, mstari mmoja ulishuka na kugeuka kijani.

Ya Asma ikakwama.

Kiduara kikazunguka tu. Haikuwa nyekundu, haikuwa kijani. "Ni picha ya shamba," Zéphirin akanong'ona, "imekuwa nzito kwa koneksio hii." Betri ilikuwa inashuka, kidole chake kikawa kinaelekea pembeni mwa kioo kuonyesha, akakirudisha. "Tuitoe picha? Maneno pekee yatapita upesi."

"Hapana. Shamba lionekane."

"Ikizima je?"

"Haijazima."

Akangoja. Alijua kungoja; alikuwa amemngoja mama yake kwenye simu amalize kulia, siku ile, na hakumharakisha. Akaweka mikono mapajani na kutazama kiduara kama mtu anayetazama chungu kisichotaka kuchemka, bila kukiomba. Barabara nzima ikangoja naye.

Kijani.

Hakupiga kigelegele. Alisema tu, "Asma," na mama Léocadie akarudia, "Asma."

Kamaldine alikuwa bado mlangoni. Alikuwa ameitoa mita shingoni na kuikunja ndogo kabisa ndani ya kiganja.

"Majibu yatakuja kwa nani?" akauliza.

"Kwetu."

"Na mukishindwa?"

"Tutashindwa kwa jina letu, baba. Hatutakulaumu tena wewe."

Labda hilo lilimuuma kuliko mengine. Kisha kompyuta ikalia. Zéphirin akainama, akasoma Kifaransa cha Kindu, akakigeuza Kiswahili kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie: Tume imepokea barua za Wenye Kamimbi. Wataje majina ya watakaokuja kusema mbele yake.

Watu wakamtazama mwenye duka. Ilikuwa mazoea tu, shingo zilijigeukia zenyewe. Naye Kamaldine, kwa mazoea yaleyale, akajiweka sawa kofia.

Mwanvua hakugeuka. Aliandika: Asma. Léocadie. Mwanvua. Akabonyeza, na barua ikaondoka mara moja, kana kwamba hiyo ilijua njia.

Kioo kikazimika dakika hiyohiyo. Betri ilikuwa imekwisha.

"Mashine hiyo," akasema Kamaldine polepole, "haitaingia tena kwangu."

"Ndiyo, baba. Nimesikia."

Akafunga kompyuta. Mama Léocadie alikwenda kwenye pikipiki yake, akafungua mzigo wake, muhogo ukamwagika kwenye kiti, akarudi na kitenge kilichokuwa kimeufunga. Kilikuwa kizuri kweli, cha buluu na njano, kimefifia kidogo tu. Kamaldine alikitambua, alikuwa amekichagua mwenyewe. Wanawake wawili wakaifunga kompyuta ndani yake, mafundo mawili, Mwanvua akaibeba mgongoni kama mtoto.

"Utalala wapi?" Kamaldine akauliza. Hakuuliza kama mkubwa sasa.

"Kwa mama. Halafu Kindu."

Akamuaga Kamaldine kwa mikono miwili, akikunja goti. Akamrudishia mwuza karanga kigoda chake. Akapanda nyuma ya mama Léocadie, naye mama Léocadie nyuma ya dereva aliyemleta, watu watatu na muhogo.

"Njia imeharibika kule mbele," dereva akaonya, akipiga injini mateke.

"Nenda pole," akasema Mwanvua, "na kila shimo ulikwepe. Umebeba biro."